Nilitafuta Wabatizwa Wanene

Walionisoma juma lililopita waliniacha ndani ya maji hadi magotini, nikiitazama fimbo. Walio wageni nitawaeleza kwa kifupi, maana nikirefusha nitalia, na karatasi ya gazeti haipendi machozi.

Mimi ni Albertine, mjane wa Musonda. Watu wananiita Mama Mapalo, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Marehemu aliniachia shamba dogo kwenye njia ya Kipushi, na katika shamba hilo bwawa, ambalo huku tunaliita baraji. Ni tuta la udongo wa kichuguu alilolishindilia mwenyewe kuziba kijito, fupi kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande mmoja, wa upande wa pili wanamwambia "santé". Samaki wamo. Bata walikuwamo pia, mpaka sehemu ya tatu ya mkasa huu.

Shemeji yangu Clovis, mdogo wa marehemu, anashughulikia karatasi za magari ya mizigo kule mpakani Kasumbalesa. Yeye anasema mwanamke hawezi kuchunga bwawa, kwa hiyo bwawa lirudi kwake. Tulipeleka maneno kwa mfumu Chama, mkubwa wa kijiji chetu.

Alivua viatu, akaingia majini, akachomeka fimbo ya mti mgumu, akafunga kitambaa chekundu juu yake.

"Nitarudia hapa Siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili," akasema, maana yake Jumapili. "Kama maji inafunika hiki kitambaa, mujane anajua kuchunga baraji, ni yake. Kama kitambaa iko inakauka ku jua, Clovis atakamata. Na musitie majiwe, musitie udongo. Miye niko na macho."

Kuna jambo moja zaidi la kujua. Mfumu Chama ni wa ukoo wa Mamba, na mimi ni wa ukoo wa Samaki. Sisi ni banungwe, watani wa kuzaliwa. Mnungwe wako anaweza kukutukana kwenye matanga, anaweza kukamata kuku wako mbele ya wageni, nawe unacheka. Ombi lake halikataliwi. Ukimkasirikia, umeaibisha ukoo wako mzima. Lakini siku ya hukumu mfumu anauweka unungwe kando, kama mtu anayevua kofia mlangoni.

"Leo sitakukula, Samaki," aliniambia akivaa viatu vyake. "Leo niko mfumu."

Akaenda zake kukagua kabichi, mashu kwetu. Maana chini ya tuta langu, pale ardhi inapobaki na unyevu, mfumu ana bustani ya mashu ambayo anaipenda kuliko anavyopenda baadhi ya ndugu zake.

Basi mwezi wa kumi na moja ukafika, na mvua ikawa inatuchungulia tu. Inakuja, inalowesha vumbi, inarudi. Siku ya hukumu ilipokaribia, maji yalikuwa shubiri moja chini ya kitambaa. Niliomba asubuhi. Niliomba mchana nikipalilia. Nilifunga kula, mpaka Clovis akasema ninakonda kwa makusudi ili watu wamwone yeye mbaya.

Sasa naingia kwenye kutubu.

Mimi husoma masomo ya jioni, katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara. Nilianza na wajukuu tayari, na sioni haya. Taabu yangu ni kwamba maombezi ya kanisa letu yanaanza darasa likiwa katikati, kwa hiyo kila mara ninanyanyuka na kutoka. Ndiyo sababu kila kitu ninakijua nusu. Najua kujumlisha. Siku ya kutoa, nilikuwa nimepiga magoti.

Jioni moja Mwalimu Adrien alileta beseni lenye maji na jiwe. Mwalimu Adrien ni kijana mwembamba sana, hata shati lake linaonekana bado liko kwenye kamba. Aliweka jiwe ndani ya beseni. Maji yakapanda, yakamwagika mezani.

"Mumeona?" akauliza.

"Tumeona," tukajibu.

Nikachukua Biblia yangu nikatoka. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kanisa wakati neno hilo liliponisimamisha kama mtu ameniita kwa jina. Kitu kikiingia majini, maji yanapanda.

Mawe yamekatazwa. Udongo umekatazwa. Lakini hakuna aliyekataza watu.

Na ni kitu gani kinachoingiza watu majini, wakiwa wengi, kwa hiari yao, tena wakiimba? Mawe yangekuwa udanganyifu. Ubatizo ni ubatizo.

Nilianza kwa kuziba njia ya pembeni. Marehemu alikuwa amechimba mfereji mwishoni mwa tuta, usawa ule ule wa kitambaa, ili maji yakizidi yatoke kwa utaratibu, yazunguke, yarudi kijitoni bila kugusa tuta wala mashu ya mfumu. Mimi niliuona kama mlango ambao mtu amesahau kuufunga. Kama maji yangu yatapanda, yasitoroke; na udongo ulikatazwa bwawani, si kwenye mfereji. Nikajaza mifuko udongo wa kichuguu, nikaulowesha, nikaipanga ndani ya mfereji, nikaikanyaga hadi miguu ikauma. Jua likaikausha vizuri. Udongo wa kichuguu ndio tunaofyatulia matofali ya nyumba zetu. Hilo nililijua, nikalifurahia.

Kisha nikaenda kwa Pasta Stéphane.

"Pasta, mwaka huu ubatizo ufanyike kwangu. Siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili."

"Mama Mapalo, kwako maji iko ku magoti. Muntu nitamuzamisha namna gani? Kwa kumulalisha?"

"Siku hiyo yatakuwa mengi. Niko na imani."

"Imani, ao maji?"

"Moja linaleta lingine, Pasta."

Alipenda neno hilo. Nilimwona akilihifadhi kwa mahubiri. Nikaendelea polepole.

"Na wabatizwa ni akina nani?"

Akawataja mmoja mmoja. Nikawapima kichwani mmoja mmoja. Moyo ukashuka.

"Pasta, hawa bote ni bembamba."

"Unasema nini?"

"Ninasema, wale wenye mwili, hawaokoki?"

"Mbingu haipime kilo, mama."

"Njo vile, Pasta. Tusibasahau."

Sijawahi kuhubiri kwa bidii kama juma lile. Nilienda kwanza kwa Gracia, anayepikia madereva wa magari ya mizigo bukari, yaani ugali, na samaki kando ya barabara. Gracia akisimama mlangoni mwa kibanda chake, ndani kunaingia giza. Nilikaa kwenye benchi lake, nikafungua Biblia.

"Juu ya nini unanipenda leo, Mama Mapalo?" akauliza, mwiko mkononi. "Miaka yote unapita hapa, unasalimia chungu tu."

"Bwana amenionyesha wewe."

"Alikuonyesha aje?"

"Muzima muzima."

Akacheka. Lakini nikasoma, naye akaacha kucheka. Nilipofika pale penye mtu aliyekuwa mbali na nyumbani, Gracia aliketi chini, akafuta macho kwa kitambaa cha kuepulia sufuria, akasema amengoja mtu amwambie hayo tangu alipozikwa mama yake, na kwamba atakuja, na atawaleta dada zake.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na aibu. Nilikuwa nimetupa ndoana nikitafuta uzito, nikavua roho. Nilimwomba Mungu anisamehe. Halafu, kwa kuwa nimeahidi kusema kweli hapa, nilimshukuru pia kwa ajili ya wale dada. Walikuwa na umbo la familia.

Siku ikafika.

Kamyo ya kanisa ilishusha watu na ngoma zao. Waimbaji wakajipanga juu ya tuta, maana ndipo panapoonekana vizuri. Mfumu Chama alikuja na kofia yake ya hukumu na viatu vyeusi vinavyong'aa, akasimama katikati ya tuta, uso kwenye maji, mgongo kwenye mashu yake. Clovis alisimama karibu naye, na koti la Kasumbalesa, mikono nyuma kama mtu anayekagua mzigo.

Upande wa juu, kijito kinakotoka, kulikuwa na wingu jeusi limekaa juu ya miti. Hakuna aliyelitazama. Tulikuwa tumezoea mawingu ya bure.

Kitambaa chekundu kilikuwa kikavu. Shubiri moja, kama jana.

Pasta aliingia, joho jeupe likamzunguka kama ua. Wakaingia wembamba. Akaingia Mwalimu Adrien, ambaye sikujua kama naye ameamua kubatizwa, na ambaye, Mungu anisamehe, sikumhesabu. Kisha akaingia Gracia.

Nilikikazia macho kile kitambaa kuliko nilivyowahi kuikazia Biblia. Gracia aliteremka, na wimbi likatoka kwake, likaenda, likagusa ncha ya kitambaa. Nikasema amina kwa sauti. Wimbi likarudi.

Wakaingia dada zake. Wimbi likaenda, wimbi likarudi.

"Pasta," nikasema kutoka ukingoni, "waliobatizwa basitoke. Bakae ndani bote pamoja. Ni umoja."

"Banasikia baridi, mama."

"Umoja uko na baridi yake."

Clovis akainama sikioni mwa mfumu, lakini alisema kwa sauti ya kunifikia. "Mfumu, unaona? Eko najaza baraji na bantu." Kisha akanigeukia. "Yaya, dada yangu, ongeza bengine. Kipushi muzima iko pale."

Mfumu alijaribu kutocheka, kofia ikatikisika. "Bantu si majiwe, haikukatazwa," akasema. "Lakini nitapima bote bakiisha kutoka."

Nilijisogeza ukingoni, mpaka pale Mwalimu Adrien alipokuwa anangoja zamu yake, meno yanagongana.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "uliweka jiwe, maji yakapanda. Mbona haya hayapandi?"

"Mama Mapalo, siku ile ulitoka."

"Ndiyo, nilitoka. Niambie nusu iliyobaki."

"Nusu iliyobaki," akasema Mwalimu kwa upole, "ni kwamba beseni ilikuwa ndogo."

Nikapiga magoti pale pale kwenye matope, na kitenge changu kipya. Sikuomba kwa maneno ya kanisa. Nilisema, Bwana, ujanja wangu umeisha, na haukuwa mzuri. Hili tuta Musonda alilishindilia kwa miguu yake, na mimi sina kaburi lake lingine ninaloliona kila asubuhi. Maji yapande. Maji yapande tu.

Sikufika amina.

Sauti ilitoka kwenye kona ya kijito, kama kamyo inayoshusha kokoto. Juu yetu hapakuwa na tone. Lakini kule chini ya wingu mvua ilikuwa imenyesha vya kutosha kwa wote, na sasa ilikuwa inatuletea fungu letu. Maji ya rangi ya chai yaliingia bwawani yakibeba majani, dumu la mafuta, kandambili moja, na bata mmoja ambaye nadhani ninamfahamu.

Wabatizwa walitoka bila kuambiwa. Pasta alimshika Mwalimu Adrien kwenye kola, akamzamisha kwa haraka, akasema maneno yote kwa pumzi moja, wakatoka wote wawili kwa mikono na magoti.

Nilipotazama fimbo, sikuiona. Kitambaa, fimbo, vyote vilikuwa chini.

Mfumu Chama alitazama maji, akatazama nguo za wabatizwa zinazochuruzika, akahakikisha kwamba wote wametoka. Akavuta pumzi.

"Kitambaa siioni," akasema. "Bantu beko inje, maji iko ndani. Baraji ni ya mujane. Muntu asirudilie tena hii maneno."

Vigelegele vilitoka hata kwa watu walionijia kwa ajili ya chakula tu. Gracia aliniinua juu, nikiwa na tope langu, akanishusha. Waimbaji wakaanza wimbo wa furaha, ule wa kurukaruka, pale pale juu ya tuta.

Clovis hakununa. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alikuwa amegeuka kidogo kutazama nyuma ya tuta, akatazama vizuri, halafu akaja kwangu na kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Félicitations, yaya, hongera. Baraji ni yako kabisa. Maji yote ni yako." Akatabasamu. "Hata ile iko napita huku chini."

Nikachungulia.

Chini ya tuta, upande wa mashu, palikuwa na mahali palipolowa, padogo kama sahani. Nilipokuwa nikipatazama, pakawa kama sinia. Kisha pakaanza kutoa maji, kwa utulivu, kama jicho.

Nilikimbilia njia ya pembeni. Maji yalikuwa yameegemea mifuko yangu, yanapanda, hayana pa kwenda. Nikachukua jembe nikapiga mfuko wa kwanza. Jembe likaruka likarudi. Sikuwa nimeweka mifuko. Nilikuwa nimejenga nyumba.

Gracia alinifuata, maji yakimtiririka. Akapiga teke, akashika mguu wake.

"Nani alifunga hapa namna hii?"

"Ni mimi."

"Na kufungula, inafanyika aje?"

"Sijafika somo hilo."

Alinitazama, akashika jembe, akaanza kupiga. Kila pigo lilitoa vumbi kidogo, kama mtu anayekuna sufuria. Nyuma yetu waimbaji walikuwa wanaruka kwa pamoja, na kila waliporuka nilisikia tuta la Musonda likitetemeka chini ya nyayo zangu.

Nikaenda kwa Pasta. "Pasta, naomba tuimbe ile ya matanga. Ile ya polepole."

"Leo ni furaha, mama. Imani yako imeleta maji."

"Basi washuke waimbie chini."

"Chini wapi? Pale ku mashu ya mfumu?" Akapiga makofi, akaongeza mwendo.

Ndipo nikakumbuka jinsi nilivyoomba. Nilikuwa nimesema maji yapande. Hata Mungu nilikuwa nimemwambia nusu.

Sehemu ile ya chini sasa ilikuwa na njia yake. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanapita katikati ya mistari ya kabichi, yakichukua mstari wa kwanza, yakiutafakari wa pili. Na mtu pekee ambaye alikuwa hajaona ni yule aliyesimama katikati ya tuta, uso kwenye maji, akiifurahia kazi ya hukumu yake.

Nilijua anaweza kufanya nini akiona. Ardhi ambayo mfumu ameitoa asubuhi, mfumu anaweza kuichukua tena kabla ya bukari ya mchana, kama yule aliyepewa amemharibia. Clovis alilijua pia. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameweka koti magotini, anangoja kama mtu aliyefika mapema kwenye basi.

"Samaki," mfumu aliniita. "Kuya hapa."

Nikaenda. Maji yalikuwa yameanza kulamba ukingo wa viatu vyake vyeusi, naye alidhani ni umande wa sherehe.

Akavua ile kofia ya hukumu. Akaikung'uta, akaishika kwapani, na uso wake wote ukabadilika, ukawa wa mzee mchokozi ninayemjua tangu nikiwa binti.

"Kazi inaisha," akasema. "Miaka yote nakula kuku yako, nakutukana ku matanga ya bwana yako, na hauombake kitu. Leo unanifurahisha sana. Omba kitu moja, mbele ya bantu. Unaomba ku mfumu, ao unaomba ku mnungwe?"

Nyuma ya bega lake, kabichi ya kwanza iling'oka. Ilizunguka mara moja, nzuri, ya kijani, kubwa kama kichwa cha mtoto, ikaanza safari ya kuelekea Kipushi.

Watu walikuwa wamenyamaza wasikie. Pigo la jembe la Gracia peke yake lilisikika.

"Naomba ku mnungwe," nikasema, maana mnungwe hakatai, wala hakasiriki.

"Aya, sema."

"Naomba usigeuke."

Mfumu Chama alicheka kwa tumbo lote, kama mtu anavyocheka na mnungwe wake. Kisha, bado anacheka, akaanza kugeuka.